Choo Kisichojaa

Ilikuwa mwaka wa 2019. Hapana, si huo. 2019 ndio ule wa Ebola, kila mlango wa Butembo ulikuwa na ndoo ya klori, na hapakuwa na mtu wa kunywa kitu bila kukiangalia mara mbili. Haya yalitokea ndoo zilipokwisha kuondolewa, watu wameanza tena kupeana mikono, hofu imesahaulika. Basi tuweke 2022, mvua za mwezi wa kumi.

Mwezi huo Mzee Syauswa alishuka kutoka Masereka kwa miguu, kofia kichwani, kikopo cha bati kimening'inia kiunoni. Alikuwa fundi wa chemchemi. Si injinia, shule aliiacha darasa la nne. Lakini ujanani alibeba mawe kwa bruda mmoja wa misheni aliyewatengenezea wanakijiji maji, akajifunza kwa kutazama: kuyafuata maji mpaka yanapotokea, kuchimba polepole, kupanga mawe na changarawe, kufunika kwa udongo wa mfinyanzi, kutoa bomba, halafu kupanda majani juu na kukataza mtu yeyote kulima au kujenga pale. Tangu hapo alikuwa mtu wa njia. Kasugho, Masereka, na upande wa Beni zamani njia ilipokuwa bado njia, kabla ya vita. Akifika mahali, neno la kwanza ni kuomba maji. Anayaweka mdomoni, anafumba macho, anayazungusha kwa ulimi, halafu anasema: haya yametoka kwenye mawe. Haya yamelala na majani. Haya yana chuma. Watu walimcheka, na walimwamini.

Katika chemchemi zote, ya Bulengera ndiyo aliyoipenda. Aliijenga mwenyewe miaka kumi na miwili nyuma, chini ya mteremko, na binti yake Kavuo anakaa karibu hapo, mwendo wa kumaliza Salamu Maria tatu. Siku ya kuifungua alisimama juu ya jiwe akawaambia watu wote: "Maji ya hii source hapana kuchemusha. Mukichemusha inakufa, inapoteza utamu." Neno likakaa. Nyumbani kwa Kavuo lilikaa kama Injili.

Sasa alipoingia kwa Kavuo siku hiyo, hakupokewa na kicheko wala kiti. Alipokewa na harufu. Harufu ya nguo za mtoto zilizojaa beseni, chungu, ya kijani, inayoshika koo. Providence, mjukuu wake wa miezi kumi, alikuwa amelala juu ya kitenge, macho yameingia ndani, utosi umebonyea kama sahani. Mzee aliifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ikabaki imesimama, haikurudi.

"Tangu lini?"

"Hii ni mara ya tatu, Papa. Ya kwanza mwezi wa sita. Infirmier wa zahanati alisema mutoto ni maji kupita nyama, na ile maji yote inatoka kupita ile inaingia. Akasema ikirudi mara ingine hapana kungojea."

Alimwonyesha chupa ya serumu ya kunywa: lita ya maji, chumvi kidogo, sukari, kijiko kwa kijiko. Bila ile chumvi na sukari, infirmier alisema, maji yanapita tu ndani ya mtoto kama ndani ya bomba.

"Na hii maji ya serumu unatoa wapi?"

Kavuo alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Maji yako, Papa. Ingine ni ipi?"

"Unachemushaka?"

"Si wewe njo ulikataza?"

Mzee Syauswa alivua kofia, akaivaa tena. Akamwambia apige moto, achemshe, achemshe mpaka sufuria ilie, na asimpe mtoto tone lingine bila hivyo. Halafu akashuka kwenye chemchemi.

Jua lilikuwa limewaka. Wanawake walipanga bidoni zao, madumu ya njano, na msimamizi wao, Mama Abigaïl, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisa zima, alikuwa anawapanga. Mzee alikinga kikopo, akanywa, akafumba macho. Mwanzoni maji yalikuwa baridi, mazuri, yale yale. Lakini nyuma ya ulimi, pale maji yanapoteremka, palikuwa na kitu. Utamu mdogo wa uvivu, kama pumzi ya mtu aliyelala mchana na meno machafu. Akatema. Akatema tena. Akasugua ulimi kwa mkono wa shati.

"Mzee, leo unatema mutoto wako mwenyewe?" Mama Abigaïl akacheka.

"Iko na kitu ndani."

"Kitu gani? Angalia vile inaangara! Tupa sindano ndani ya bidoni, utaiokota kwa macho."

Na kweli yaling'aa. Hilo ndilo lililomtia kichefuchefu zaidi. Maji ya tope yanakuonya kabla hujayagusa, lakini haya yalikuwa yamenawa uso. Alijua tabia ya maji tangu ujana wake: hayapiti mahali bila kuondoka na kitu. Yakipita kwenye chuma yanabeba chuma, yakipita kwenye chumvi yanabeba chumvi, na ukiyatazama husemi yamebeba kitu. Ndiyo maana mmea unakula kupitia maji, na damu ya mtu ni maji yanayochukua chakula. Ukarimu huo huo hauchagui mzigo.

Akainua macho juu ya mteremko. Pale alipopanda majani kwa mikono yake palisimama kibanda cha matofali, mabati mapya, mlango umepakwa bluu.

Kilikuwa choo cha Gamaliel, muuza vitenge, shemasi wa Kiprotestanti, mtu wa shati jeupe. Binti yake Tamar alikuwa ameposwa na familia ya Beni, na wakwe walitarajiwa kuleta mbuzi wa mahari. Huwezi kumpeleka mkwe kwenye shimo la mbao mbili. Kwa hiyo mwezi wa tano Gamaliel alichimbisha shimo jipya, refu kama watu watatu wamepandiana, chini kabisa ya kiwanja, upepo usilete harufu kwenye viti vya wageni. Sherehe ikaahirishwa kwa ajili ya msiba, lakini choo hakikungoja. Watu kumi na wanne wa nyumba hiyo walikitumia kila siku.

Gamaliel alimpokea vizuri, hata akamfungulia mlango wa bluu. "Ingia, Mzee, jionee. Hii ni choo ya baraka. Miezi tano, batu kumi na inne, na haijae! Ya jirani ilijaa mu mwaka. Yangu, ni kama tulianza jana."

Mzee aliinama juu ya tundu. Mvuke wa moto ulimpanda puani, macho yakalia. Chini kabisa, mbali sana, aliona weusi unaotikisika, na nzi. Akarudi nyuma, akashika mti.

"Gamaliel, hii iko juu ya source."

"Iko mbali! Tena udongo unachuja, kama chujio ya chai. Na maji inaangara, Mzee, kila mutu anaona."

"Mjukuu yangu anakufa."

"Batoto banaharisha, Mzee. Meno njo inatoka." Halafu akatabasamu, akampiga begani. "Ao ninyi Bakatoliki munatuonea wivu hata juu ya choo? Leta ushuhuda. Nikiona, nitafunga."

Ushuhuda. Mzee Syauswa alikaa juu ya jiwe lake mchana mzima akiitazama chupa ya serumu ya Kavuo. Halafu akaenda kwa Mama Abigaïl.

Alhamisi ni siku ya salongo, kila nyumba inatoa mtu wa kazi. Alhamisi ile kila nyumba ilitoa na kikombe cha chumvi pia. Nyumba arobaini, vikombe arobaini, karai mbili nzima. Walipanda mteremko kwa mstari kama watu wa kutoa sadaka, na Gamaliel akawafungulia mwenyewe, amefurahi, ana hakika chumvi haitafika chini.

"Mumwange, mumwange yote! Munataka kutengeneza makayabu mu choo yangu?"

Watu walicheka kwa wazo la samaki hao wa chumvi. Mzee hakucheka. Alifunga kitambaa puani, akamwaga chumvi na ndoo za maji juu yake, ndoo baada ya ndoo, na kila mmwago uliinua kutoka chini pumzi iliyomfanya ageuze uso. Alipotoka, viatu vyake alivisugua na majani mpaka majani yakakatika.

Jioni akashuka, akakinga kikopo, akanywa. Kila mara alikunywa mwenyewe, kwa sababu ulimi wa mtu mwingine haungetosha kusema kweli. Hakuna chumvi. Ijumaa asubuhi, hakuna. Mama Abigaïl akaanza kumwonea huruma. "Mzee, pengine ni meno kweli." Kwa Kavuo, mtoto alikuwa amebaki na maji ya kuchemsha na serumu siku mbili, na alikuwa amekojoa, mara moja, kidogo. Kavuo alilia kwa furaha juu ya nepi yenye unyevu. Ijumaa mchana mvua ikanyesha, ile ya Butembo inayopiga mabati kama changarawe.

Jumamosi wakwe wakafika, wamemtanguliza mzee wao Phinées, mtu mrefu wa Beni mwenye suti ya kahawia, na nyuma yao mbuzi kumi na wawili. Kwa desturi mgeni ananawa kwanza na kunywa maji kabla ya neno lolote. Bidoni ilikuwa imejazwa kwenye chemchemi asubuhi hiyo hiyo. Gamaliel akamimina mwenyewe katika bilauri ya kioo, maji yakang'aa mbele ya watu wote.

Phinées akanywa nusu. Akasimamisha bilauri. Akailamba midomo yake.

"Mukwe," akasema kwa upole, "hii maji munatia chumvi? Kwetu Beni chumvi tunatia mu mboga, mu sombe."

Mwanamke mmoja aliyesimama na sinia, mmoja wa wale waliopanda na kikombe Alhamisi, aliziba mdomo, akakimbia nyuma ya migomba, na wote wakamsikia akitapika. Mwingine akamfuata. Gamaliel alichukua bilauri kutoka mkononi mwa mkwe wake, akaonja. Mbele ya wakwe mtu hatemi. Alimeza.

Kwenye uwanja mbuzi walikuwa wameizunguka karai ya maji, wanasukumana kwa pembe, wanalamba mpaka ukingo. Mbuzi wanapenda chumvi kupita kitu chote.

Ni Mama Abigaïl, aliyekuwa kati ya wageni, aliyesema. Alisema yote: chumvi, vikombe arobaini, karai mbili, tundu. Phinées alitoa kitambaa, akapangusa ulimi wake, akakikunja kitambaa na kukiacha chini ya kiti. Hakuondoka. Alisema tu kwamba mbuzi hawatahesabiwa na chakula hakitaguswa mpaka kile kibanda kifungwe. Wanaume wa pande mbili wakavua makoti ya sherehe, wakang'oa mlango wa bluu, wakabomoa matofali, wakajaza shimo mawe, chokaa na udongo. Harufu ya siku ile ilikaa ndani ya nyama choma, na wengi hawakula.

Providence alipona. Alianza kutembea wakati wa kuvuna maharagwe, miguu myembamba kama vijiti lakini ya haraka. Chemchemi yenyewe iliachwa itiririke, hakuna aliyeteka ya kunywa, na Mzee Syauswa aliionja kila asubuhi mpaka chumvi ikaisha, na baada ya chumvi akaendelea, akitafuta ule utamu wa uvivu, na siku alipokosa kuusikia bado hakuamini. Aliwaambia watu: chemsheni. Akasimama juu ya jiwe lile lile kusema hivyo. Halafu akachukua fimbo akaenda Masereka, akaenda Kasugho, kila mahali alipowahi kusema lile neno lake, kulirudisha. Wengine walimwambia maji yao yanang'aa.

Kila akipita Bulengera alisimama kwenye duka la Gamaliel. Gamaliel alimpa kiti, akamsalimia, akamwonyesha picha ya mjukuu wa Beni. Mzee aliangalia picha, akasifu mtoto, halafu akauliza kwa sauti yake ya taratibu, ile ile kila safari, na kila safari Gamaliel aligeuka kukunja vitenge ambavyo vilikuwa vimekwisha kukunjwa:

"Gamaliel, ndugu yangu, batu kumi na inne, miezi tano, na choo haijae. Ulikuwa unafikiri inaenda wapi?"