Kengele Niliyomvisha Mbwa

Kutoka Morogoro hadi Kibondo nilisafiri siku tatu. Siku ya kwanza niliishia Singida, ya pili Kahama, na ya tatu nikapata lori la saruji lililonishusha Nyakanazi, pale ambapo barabara inageukia kusini na kuanza kupanda. Kutoka Nyakanazi nilipanda basi lililokuwa limebadilika rangi kwa vumbi jekundu. Magotini nilikuwa na sanduku la vifaa: randa, misumeno miwili, patasi nilizozifunga kwenye kanga kuukuu ya dada yangu. Nilimwambia dada kwamba nakwenda kwa miezi mitatu. Alikuwa amenisikia nikisema hivyo mara nyingi, kila mara nikielekea upande mwingine wa nchi.

Kikundi cha wafuga nyuki kiliniita nikatengeneze mizinga ya mbao, ile ya masanduku, maana wazee wao walikuwa wamezoea mizinga ya magogo inayotundikwa juu ya miti. Kijiji kilikuwa upande wa kwenda Kasulu, juu kidogo, mahali ambapo asubuhi unaona pumzi yako. Nilipangishiwa chumba kwa mama mmoja mjane. Alikuja kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, sasa ni Mtanzania na ana shamba lake la mahindi na maharage. Shamba liliishia kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito ulianza msitu wa kijiji.

Mama yule alikuwa na mbwa mmoja, mwekundu kama udongo wa kule, kifua cheupe. Marehemu mume wake ndiye aliyemlea. Sikuuliza zaidi ya hapo, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Kazi ya mbwa ilikuwa nyani. Mahindi yakianza kubeba, nyani walishuka kutoka msituni kundi zima, dume kubwa mbele, na wasipofukuzwa wanamaliza shamba la mtu kwa siku mbili. Mama hakuwa na mtu wa kulinda. Watoto wake walikuwa wameolewa, mmoja Kasulu mjini, mwingine Buhigwe. Alikuwa na mbwa tu. "Huyu ndiye ghala langu," aliniambia siku ya kwanza, akimwonyesha kwa mwiko wa ugali.

Shida ni kwamba mbwa hakuishia kwenye nyani. Alivuka kijito. Na hakuwa peke yake. Mbwa wa kijiji kile walikuwa wengi na hakuna aliyefungwa. Walikutana asubuhi kama watu wanaokwenda kibaruani na kuingia msituni. Msitu wenyewe ulikuwa ndiyo kwanza unapumua. Kikundi kilikuwa kimekataza kukata miti ili nyuki wapate maua, na kwa sababu hiyo pongo walikuwa wamerudi, na kanga, na wale paa wadogo wanaojificha kwenye nyasi. Siku moja nikiwa natundika mizinga nilimwona pongo jike amesimama katikati ya kijito, maji yamemfika tumboni, mbavu zinapanda na kushuka. Kwenye ukingo walikuwa wamekaa mbwa watatu, ndimi nje. Wa katikati alikuwa wetu. Aliponiona alitikisa mkia. Hakuwa na njaa. Alikuwa amekula ugali na dagaa asubuhi ile, nilimwona. Alikuwa anacheza, na mchezo ule ungemuua yule pongo kwa kuchoka.

Mwezi huohuo mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Wafuga nyuki walilalamika, walinzi wa msitu walilalamika, na kanuni ikapitishwa kwa kunyoosha mikono: mbwa akikamatwa msituni mara ya kwanza, mwenyewe anaonywa, mara ya pili anaitwa ofisini.

"Na mara ya tatu?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Mara ya tatu hatumwiti mwenye mbwa," alisema mwenyekiti. "Tunamwita mwenye jembe, amchimbie mbwa shimo."

Watu walicheka. Mama hakucheka. Wiki iliyofuata mgambo walimleta mbwa wake amefungwa kamba, onyo la kwanza.

Tulimfunga. Nilichagua kamba ya katani, ndefu, nikaifunga kwenye mti pembeni mwa shamba ili walau abweke. Siku mbili nyani waliogopa. Siku ya tatu dume alikuja, akakaa, akamwangalia mbwa akiruka na kukabwa na kamba, kisha akasogea hatua moja moja mpaka alipojua kamba inafika wapi. Akakaa hapohapo, hatua mbili mbele ya pua ya mbwa, akavunja hindi na kulimenya taratibu. Nyuma yake familia yote ikaingia shambani. Mama alikuja mbio na fimbo, na walipokimbia tulikuta mistari minne imelala chini.

"Mfungue," aliniambia.

"Mama, wakimkamata tena?"

"Fundi, mimi nile kamba?"

Nilimfungua. Lakini wazo liliniingia, na kwa kuwa mama alikuwa anakwenda Kasulu kumwona mjukuu aliyezaliwa, sikumwambia. Nilitaka akirudi akute nimeshatatua. Kwetu, paka anayemaliza vifaranga huvishwa kengele, vifaranga wakimsikia wanakimbia. Nikafikiri, mbwa naye akivaa kengele, pongo watamsikia kutoka mbali na kuondoka kabla hajawafikia. Sokoni nilinunua kengele ya chuma, ile ya mbuzi. Nikakata mkanda kutoka kwenye ndara kuukuu, nikamvisha.

Mbwa alisimama. Alitikisa shingo mara moja, kengele ikalia, na nikaona manyoya ya mgongoni yakinyanyuka. Kisha akaondoka. Sijawahi kumwona akikimbia vile. Alivuka kijito bila kuyagusa maji, na kilichonishangaza ni mbwa wengine: walitoka kila ua, hata mbwa mzee wa jirani aliyekuwa anachechemea, wote wakafuata ile sauti. Nilisimama shambani nikisikia kengele inapanda mlima, inageuka, inashuka, na kelele za mbwa nyuma yake.

Mama alirudi mchana uleule. Alikuwa bado hajatua mzigo kichwani alipoisikia.

"Nani ameleta kengele?"

Nikamweleza kuhusu paka na vifaranga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatua mzigo, akakaa juu yake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Halafu akaacha kucheka, akasema hapana kwa Kirundi cha mama yake.

"Oya, fundi. Oya. Marehemu alikuwa mwindaji. Huku mbwa havai kengele ili wanyama wamsikie. Anavaa ili mwindaji amfuate. Njiani wanaiziba kwa majani isilie. Wakifika porini wanayatoa, na ikilia, mbwa anajua kazi imeanza." Akatazama ng'ambo ya kijito. "Wewe umemwambia kazi imeanza."

Jioni mgambo walimleta. Mmoja wao, kijana mwenye kofia ya timu, alikuwa anaitikisa kengele mkononi.

"Mama, huyu mbwa wako leo kaja na muziki! Msitu mzima tumecheza."

"Aliyeivisha ni fundi," mama alisema.

"Fundi wa mizinga? Sasa fundi, ulitaka tumpoteze vipi? Hata kipofu angemkamata."

Hakukuwa na pongo aliyekufa siku ile, nashukuru. Lakini mara ya pili ilikuwa imeandikwa. Mama aliitwa ofisini nami nikaenda naye, nikasema kosa ni langu. Mwenyekiti akasema mbwa hajui kosa ni la nani, mara ya pili inabaki.

Nilikaa siku kadhaa nikiwa na aibu ya kula ugali wa mama yule. Kisha nilifanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo: nilimwomba tukae kando ya shamba na anionyeshe nyani wanapita wapi. Walipita upande mmoja tu, ule wa kijito. Basi nikachimbia nguzo mbili, moja kila mwisho wa shamba, nikavuta waya mnene kati yake, juu kidogo ya kichwa cha mbwa. Kwenye waya nikapitisha pete ya chuma, na kwenye pete mnyororo mfupi. Mbwa akawa anaweza kukimbia urefu wote wa shamba, huku na huku, lakini kuvuka maji hawezi. Yule dume alikuja kupima kama kawaida yake. Safari hii kipimo kilimfuata alikokwenda.

Mavuno yale mama alijaza ghala. Watu walikuja kuangalia waya, na nilifunga nyingine sita kabla mizinga haijaisha. Si wote waliokubali. Wengine mbwa wao walimwona mwenye jembe.

Miezi mitatu ilikuwa imegeuka miaka mitatu. Kazi iliisha, na miguu ikaanza kuniwasha kama inavyoniwasha siku zote. Mahindi yalikuwa yamebeba tena. Asubuhi ya kuondoka nilimwambia mama nataka kumfungua mbwa anisindikize hadi barabarani, kwa mara ya mwisho.

"Oya," alisema. "Akikusindikiza, wewe utapanda basi. Yeye atarudi peke yake, na njia yake ya kurudi inapita msituni."

Akaniambia nisiende hata kumuaga, atavuta mnyororo siku nzima na nyani watajua. Nipite mlango wa mbele. Alinipa mahindi mawili ya kuchoma, moto bado, yamefungwa kwenye jani la mgomba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nilipita mbele na sanduku langu. Nyani walikuwa wamefika. Nilimsikia mbwa akibweka upande wa kijito, na pete ikikwaruza waya kutoka nguzo hadi nguzo. Nilisimama mpaka nikasikia matawi yakivunjika ng'ambo, wanarudi walikotoka. Kisha nikaenda kusubiri basi la Kasulu.