Mistari ya Zambarau

Mwalimu Edina aliporudi Dodoma Ijumaa Kuu, majirani walimpa pole ya mgongo. Ndivyo alivyowaaga: anakwenda Dar es Salaam kutibiwa mgongo. Aliitikia pole zote akiwa amenyooka, kisha akaingia ndani akalala na viatu.

Ilikuwa wiki ya tatu ya matibabu. Kila Jumatatu alitundikiwa dripu ya dawa ya saratani, mpaka kila chakula kikawa na ladha ya chuma. Na kila siku ya kazi alilazwa chini ya mashine ya mionzi. Dawa inaulegeza uvimbe, daktari alimweleza, mionzi inaumaliza. Kimoja bila kingine hakitoshi. Walimchorea mistari ya zambarau tumboni na nyongani ili mionzi ipige palepale. "Usiifute, mama. Mafuta usipake kabisa." Mashine zilipozimwa kwa sikukuu, alipanda basi ili aonekane kanisani Pasaka, maneno yasije yakaanza.

Maneno hayo aliyajua. Mjane wa miaka minne, ugonjwa wa mlango wa kizazi: wangesema amehangaika na wanaume. Akijitetea kwa kauli ya daktari, kwamba kirusi kinachouleta ugonjwa huo huweza kukaa mwilini miaka mingi, wangehesabu miaka hiyo mpaka wamfikie marehemu Elisha, hakimu wa mahakama ya mwanzo, aliyeheshimiwa toka Mvumi hadi Kondoa. Yeye Edina hakuwahi kumjua mwanamume mwingine. Hesabu hiyo alikwishaifanya mara moja, peke yake, akaiacha.

Jumamosi asubuhi akaja Priska, dada wa Elisha, na chupa ya samli kutoka Mvumi.

"Mbukwenyi, wifi!" alisalimia kwa Kigogo. "Hebu geuka nikukande."

"Daktari amekataza."

"Mgongo gani usiokandwa? Nyie wasomi mna migongo ya kioo?"

Edina hakuwa na nguvu za kushindana. Aligeuka, akafumba macho kidogo tu. Alipoyafumbua, gauni lilikuwa limepandishwa na kiganja chenye samli kimekwisha kupita nyongani. Mstari mmoja ulikuwa umetapakaa.

Priska alikitazama kiganja chake cha zambarau, akashusha sauti. "Wifi, umechorwa na mganga?"

"Priska!"

"Sasa hii nini? Mjane wa Elisha, mwenyekiti wa akina mama kanisani, na michoro ya waganga!"

Edina nusura acheke. Akinyamaza, ni uganga. Na kile kiganja kilikuwa bado hewani, kinang'aa samli, na mistari mitatu ilikuwa imebaki.

"Toa mkono. Ni saratani ya mlango wa kizazi. Hizo ni alama za mionzi. Zikifutika zote, Jumanne wataanza kunipima upya, na mimi sina siku za kupoteza."

Priska aliketi ukingoni mwa kitanda. "Umeipata wapi, wifi?"

Picha ya Elisha ilikuwa ukutani, amevaa tai. Edina hakuiangalia.

"Daktari hakusema."

Priska ndiye aliyeiangalia, muda mrefu. Kisha akashika upindo wa kanga yake, akaanza kuondoa samli polepole, akiikwepa mistari.

"Jumatatu tunaondoka wote," alisema. "Kesho kanisani ni mgongo. Ila uiname kidogo basi. Unatembea kama mkaguzi wa shule."

Edina alikuwa amekwisha kusinzia.