Mstari kwenye Kioo cha Kamera

"Shemeji, kamera nilikuazima upige picha au usugulie sufuria?"

Ocke, mdogo wa marehemu mume wa Keike, alikigeuza kioo cha nyuma cha kamera kuelekea mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimeparuzika kama kilichokwaruzwa na paka.

"Nilikifuta kwa mkono wa sweta tu."

"Sweta la kisiwani! Lina mchanga mwingi kuliko ufuko. Na plastiki niliyobandika kukikinga?"

"Ilifanya mapovu ya hewa, nikaibandua. Nitakununulia nyingine, usinipigie kelele."

Keike alifuga kondoo, na kila vuli alitembea juu ya tuta linalozuia bahari akilikagua na kulipiga picha, maana kwao asiyelichunga tuta hana haki ya kuishi nyuma yake. Nje upepo ulikuwa umegeuka, sasa ukivuma kutoka kaskazini-magharibi, upande wa bahari. Redio ilikwisha kutangaza kwamba bahari itapanda jioni hiyo.

Ocke akafungua picha ya tuta ambayo Keike aliipiga asubuhi. "Ona huu mkwaruzo mrefu, umekata tuta zima. Huu hautoki hata kwa dawa."

Keike akaisogeza picha kwa kidole. Mikwaruzo mingine ilibaki pale pale kwenye kioo. Ule mrefu ukasogea pamoja na majani ya tuta.

Akarudia, ukasogea tena. Nyumba yake ilikuwa chini ya tuta lile, na kondoo wote walikuwa zizini hapo hapo.

"Huo hauko kwenye kioo," alisema taratibu. "Tuta limepasuka."

Ocke alikuwa tayari anavaa mabuti, simu sikioni, akiita watu waje na magunia ya mchanga.

"Na plastiki yako?" Keike aliuliza, akitafuta koleo.

"Nimekusamehe, shemeji. Wafungulie kondoo kwanza."