Kisu Kilichokata Upogo

Idrisi Abdilatif alikuwa na miaka sitini na mbili kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kulia. Kilimwachia ulimi, kikamwachia na miguu, lakini mkono uliokata nyama katika bucha ya familia mjini Meru kwa miaka arobaini na tatu ulibaki ukining'inia kama mkono wa koti tupu.

Daktari alimwambia ashukuru. Alishukuru. Kisha akarudi buchani, akashika kisu kwa mkono wa kushoto, na kila kipande alichokata kikatoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Wateja walichukua bila kusema neno, na kunyamaza kwao ndiko kulikomchoma. Mwanawe Younis akashika gogo la kukatia nyama. Idrisi akabaki na kazi ya kusalimu watu na kuwauliza hali za watoto.

"Baba Younis, si upumzike tu," mkewe Rahema alimwambia. "Kwani nyama inajua imekatwa na nani?"

"Inajua. Inajua sana."

Kuna jambo Rahema hakulijua, kwa kuwa lilipita kabla hajaolewa. Idrisi alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Babake hakutaka hata kulisikia: mkono huo ni wa chooni, nani atapokea nyama iliyokatwa nao? Mwaka 1979 kijana alikwenda kwa siri kwa mhunzi mmoja wa Chuka, aliyefua visu kutokana na springi za lori. Mhunzi alimpa kipande cha ngozi akikate, akamtazama mkono, asimuulize kitu. Siku ya tatu alimkabidhi kisu chenye mpini wa pembe ya ng'ombe na alama tatu za patasi shingoni. Kisu kile kilikata kama kimetumwa. Idrisi alikitumia miezi minne, kila babake alipokuwa safarini. Siku aliyofumaniwa hakupigwa. Mzee alikichukua kisu, akakigawa kwa rafiki yake wa Mikinduri, na tangu asubuhi iliyofuata Idrisi akawa mtu wa kulia.

Sasa alikitaka, na si kwa ukumbusho. Aliamini kwamba mhunzi yule, aliyekwisha kufa, alitia kitu katika chuma kile, na kwamba pasipo kisu hicho mkono wake wa kushoto hautasimama tena mbele ya gogo.

Rafiki wa babake, Kaimenyi, alikuwa hai bado, miaka themanini na ushei, amekaa Mikinduri akifunga miraa katika majani ya mgomba.

"Wewe ndiye kale katoto ka Abdilatif? Mbona umezeeka kuliko mimi?"

"Ni maradhi, mzee."

"Maradhi gani! Ni nyama hizo. Ungetafuna miraa ungekuwa kijana." Kisha akasikia habari ya kisu, na uso ukamkunjamana. "Kile? Kile kilikuwa na kichwa kigumu. Unakielekeza huku, kinakwenda kule. Ona!" Akanyoosha kidole gumba chenye kovu refu. "Nilimpa Angeline, yule anayekata ndizi Mitunguu. Alikuwa amenikosea."

Angeline naye alimsikiliza Idrisi akiwa kati ya mikungu ya ndizi, akasonya. Kisu cha mashetani, alisema. Alikaa nacho wiki mbili tu, akampelekea wifi yake Tabby kule Karurumo. "Hao wawili wanapatana. Tabby mwenyewe mambo yake yote ni kinyume."

Idrisi aliondoka Mitunguu akitabasamu. Kila aliyekilaani kisu alikuwa akimthibitishia kwamba ni kilekile.

Alikwenda Karurumo siku ya Alhamisi, amebeba kisu chake bora cha bucha ili atoe badala. Hakuhitaji kuuliza sana. Kando ya soko, mama mmoja mnene alikuwa ameketi mbele ya rundo la sukuma wiki, akiikatakata nyembamba kama uzi kwa wanaonunua tayari kwa sufuria. Alikata kwa mkono wa kushoto. Kisu kilikuwa kimeliwa na jiwe la kunolea hadi kikabaki upana wa vidole viwili, lakini alama tatu zilikuwepo.

Idrisi alieleza yote, kuanzia Chuka hadi kiharusi. Tabby alimsikiliza, asiache kukata.

"Pole sana, mzee," alisema mwishowe, akamgeuzia mpini. "Jaribu."

Idrisi alikata shina la kabichi. Likatoka sawa kama karatasi. Akakata tena, na tena, na macho yakamjaa maji asiweze kuyapangusa, maana mkono mmoja ulikuwa na kazi.

"Sasa nirudishie," Tabby alisema kwa upole. "Miaka ishirini na mbili ndicho kilichonilisha. Hata ningekupenda namna gani, siwezi kukitoa."

"Nimekuja na badala."

Tabby alikipokea kile kisu cha bucha, akakata majani mawili, akacheka. "Hiki si cha watu wa kushoto. Ndiyo maana nyama yako imepinda." Akatoa chini ya meza kisu kingine, cha dukani, chenye mpini wa plastiki. "Jaribu na hiki."

Nacho kilikata sawa.

"Hiki kimefuliwa na nani?" Idrisi aliuliza.

"Kimefuliwa na nani wapi! Nilikinunua Runyenjes. Nilikiangalia cha zamani nikaona kimenolewa uso wa kushoto tu, ule mwingine ni bapa. Nikanoa hivyo hivyo. Mzee, miaka yote hiyo mchinjaji, na hujui kisu?"

Idrisi alikigeuzageuza kisu chake cha bucha. Alikuwa amenoa visu maisha yake yote, nyuso zote mbili, kama alivyofundishwa.

Tabby alimwekea jiwe, akalibana kwa matofali mawili ili lisihame. Idrisi alianza kunoa kisu chake cha bucha. Baada ya misuguo kumi, mkono wenyewe ukakigeuza.

"Usigeuze!"

Akarudi. Akakigeuza tena.

"Usigeuze, wewe mzee! Unaharibu!" Wanunuzi wa sukuma walianza kuhesabu makosa yake kwa sauti, wakicheka. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Karibu saa kumi walikuwa wamechoka kumcheka, maana mkono ulikuwa umeacha kugeuza.

Tabby alimpa kabichi nzima. Aliikata yote, wala hakuna kipande kilichotoka kinene upande mmoja. Kisha, bila kukiachia kisu, akaomba msaada wa kupiga simu, na mama mmoja akamshikia sikioni.

"Rahema, nyama ya kesho inaletwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, kama kawaida. Kwani uko wapi?"

"Mwambie Younis alale mpaka saa mbili."