Bakuli la Kurudisha Kitaya

“Ndoo ya Mama Zulfa ilikaa hapa mwaka mzima ukiiruka kila asubuhi,” Hamisa alisema. “Hukuuliza ya nani wala itarudi lini. Leo umeamka na bakuli.”

Faraji, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa lori lake la Kanta mkononi. Alijibu kwamba chombo cha watu ni cha watu, na kwamba kila akifika Kitaya anamkuta mwenye bakuli lake, anakosa la kusema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kijambo kidogo tu, akaongeza kwamba lisirudi tupu. Atie hata visheti.

Hapo ndipo alipoharibu. Mwanamume asiyejua sukari ya nyumbani kwake inakaa kopo gani, leo anafundisha adabu ya vyombo!

Bakuli lenyewe lilikuwa la bati, jeupe, lina maua mekundu na ukingo wa buluu. Lilikuja kabla ya mfungo likiwa limejaa mchele mpya wa bondeni mwa Ruvuma, limefungwa kwa kitambaa kilichofuliwa kikapigwa pasi. Hamisa aliupika ule mchele, ukanukia mpaka kwa jirani, na kila tonge lilimkwama kooni. Ile pasi ndiyo iliyomkwama. Nani anapigia pasi kitambaa cha kufungia mchele wa dereva? Alipouliza, Faraji alisema ni mteja tu, ana duka. Hamisa akalipandisha bakuli juu ya kabati, akawa analitazama kila akilala, kama mtu anayemlinda mwizi.

Alikuwa na haki ya kulitazama. Yeye ni mtoto wa Mikindani, alimaliza darasa la saba na mikono tayari ina unga. Alimchukua Faraji akiwa utingo, mwenye ndala za rangi mbili, na ni visheti vya Hamisa, vilivyoliwa kwenye kila shughuli ya mtaani kwao Rahaleo, vilivyomsomesha udereva. Sasa Faraji alisambaza sabuni, sukari na soda kwa vijiduka vya njia ya Kitaya. Aliondoka na kurudi, na njia hiyo Hamisa hajawahi kuiona. Aliijua kwa vumbi la kwenye kola tu, alipokuwa akifua.

“Visheti nitatia,” akasema, “na bakuli nitalirudisha mwenyewe.”

Faraji akasema kiti cha abiria kimechanika. Hamisa akasema atakalia huo mpasuko.

Usiku huo alikaanga visheti ambavyo hajawahi kumkaangia hata bibi harusi. Iliki aliitwanga upya, sukari akaigandisha ikawa nyeupe kama chokaa. Huyo mwenye pasi yake aonje, ajue mume wa watu analishwa nini nyumbani. Asubuhi akalijaza bakuli mpaka kitambaa kikagoma kufunga, akapanda gari, akalipakata.

Walipoipita Nanyamba wakaiacha barabara kubwa, wakaanza kuteremka kuelekea mtoni. Mikorosho pande zote, vumbi jekundu, kisha mwendo mrefu bila mtu, kisha ghafla nyumba nne na kijiduka. Na kila kwenye kijiduka Faraji alibadilika. Nyumbani alikuwa mtu wa “ndiyo” na “sijui.” Huku alipiga honi kwa mapozi, akauliza habari za mbuzi aliyezaa, akamtania bibi mmoja juu ya meno, watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Hamisa alimsikiliza akiwa kwenye mpasuko wake. Kumbe maneno anayo. Miaka yote hii ameyaweka huku, mafungu mafungu, kila kijiji na fungu lake, na yeye mkewe akipewa makombo. Aliwaonea wivu hata wale mbuzi.

Mahali panapoitwa Kwa Filipo, kwa jina la mwalimu mstaafu wa Songea aliyehamia na kufungua duka, walishusha sabuni. Mke wa Filipo, Rozalia, alikuja dirishani kumsalimu mgeni. Macho yake yakaangukia lile bakuli, yakabaki hapo hapo.

“Hongera, mwenzangu,” akasema polepole. “Mimi nisingeweza.”

Hamisa akauliza asingeweza nini. Rozalia, akidhani anazungumza na mtu anayejua, akaeleza yote. Kwamba Faraji amemposa Mwanaisha wa Kitaya, mjane mwenye duka, amfanye mke wa pili. Kwamba aliapa mkewe wa Rahaleo anajua na ameridhia. Kwamba Mwanaisha alisema yeye haingii nyumba ya mtu kwa dirisha. Kama mwenye nyumba ameridhia, na aseme kwa mkono wake. Ndipo akapeleka mchele ndani ya bakuli. Siku litakaporudi na mapishi ya mke mkubwa, Mwanaisha atawaita wajomba zake waje kusikiliza posa. Njia nzima walikuwa wanalingoja hilo bakuli.

Hamisa alimshukuru. Aliketi sawasawa, akavuta mtandio, na visheti vilikuwa moto mapajani kana kwamba vimetoka karaini sasa hivi. Alikuwa amevipika usiku, amechagua iliki, amejaza mpaka juu. Amejibu posa bila kuisikia.

Gari lilipoondoka Faraji akauliza Rozalia anasemaje.

“Kanipa hongera.”

Faraji akaushika usukani kwa mikono miwili. Hakuuliza ya nini.

Kituo kilichofuata kiliitwa Mnarani, maana hakina kingine ila mnara wa simu na waendesha bodaboda waliolala chini ya kivuli chake. Kabla Faraji hajazima injini, Hamisa alikuwa ameshashuka na kufungua kitambaa. Akagawa. Mmoja akauliza, mdomo umejaa, visheti vya nini hivi, mama?

“Vya harusi,” Hamisa alisema. “Imevunjika.”

Wakampa pole, wakaomba vingine.

Kituo cha mbele, mashineni, wanawake walikuwa wamekaa foleni na mpunga wao wa kukoboa, kope nyeupe kwa vumbi la pumba. Nao akawagawia, vya mwisho, mpaka bakuli likabaki na chengachenga za sukari. Ikawa balaa nyingine. Bibi mmoja, Mmakonde wa watu, mwenye sufuria ya ming'oko iliyochemshwa, viazi pori vile vya kulia na chumvi na pilipili, hakukubali mgeni aliyewalisha aende na bakuli tupu. Akachota, akaja, jicho lake kwenye bakuli. Hamisa akalificha chini ya kanga. Bibi akamzunguka kwa huku. Hamisa akageukia kule. Watu walicheka sana, wakasema wa mjini wanaogopa pilipili. Ikabidi apokee ming'oko kwenye upande wa mtandio, aile yote pale pale amesimama, machozi yakimtoka, na kila aliyemwona alijua ni pilipili.

Waliporudi garini Faraji akasema, kwa sauti ndogo, “Mama Fahad, chombo cha watu utakirudisha kitupu?”

“Wewe si ndiye uliyekuwa na shida lijae? Lijaze.”

Neno lilimchoma hata yeye aliyelisema. Maana tangu azaliwe hajarudisha chombo kitupu. Mama yake Mikindani, siku ambayo hamna kitu ndani, alitia hata kipande cha limau. Kutwaa mchele wa mtu, kuula, na kumrudishia bati lake likilia kokoko, ni kumtukana. Alitaka kumnyima huyo mwanamke mume. Kumtukana ilikuwa habari nyingine, na hakujua afanyeje la kwanza bila kufanya la pili.

Kitaya, duka la Mwanaisha lilikuwa limepakwa chokaa, uani pamefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Hamisa aliitafuta kasoro tangu mlangoni. Mwanaisha akatoka, mwembamba, ana mwanya, akakunja goti kidogo.

“Shikamoo, dada.”

Yaani na uzee akapakwa. “Marahaba,” Hamisa alisema, maana angefanyaje, akalitoa bakuli kwa mikono miwili pamoja na kitambaa kilichokunjamana.

Mwanaisha alichungulia ndani.

“Mchele wako ulikuwa mzuri,” Hamisa alisema. “Nilikupikia visheti. Nimevigawa njiani kwa mkono wangu, vyote. Kwa Filipo ndipo nilipoambiwa bakuli linauliza nini.”

Mwanaisha akatazama kwenye gari. Faraji alikuwa anafungua kamba ya turubai, fundo moja lile lile.

“Aliniambia unajua.”

“Sasa najua.”

Kuku alipita katikati yao, hakuna aliyemfukuza. Mwanaisha akapitisha kidole ndani ya bakuli, akaokota chenga za sukari, akalamba. Akafumba macho, kama anayehesabu viungo.

“Mkono unao,” akasema. “Alifuata nini kwangu, sijui.”

Hamisa, aliyekuja na matusi ya kutosha safari mbili, alijikuta anaona aibu ya lile bati. Akaanza kusema kwamba chombo hakirudishwi hivi kwao, kwamba akifika nyumbani atatuma kitu.

“Usitume.” Mwanaisha alikinyoosha kitambaa juu ya paja lake kwa kiganja. “Ukituma, watasema umekubali. Deni la chombo nimekusamehe, dada. Hudaiwi.”

Kisha akapaza sauti, akamwambia dereva ashushe sukari mifuko miwili, na soda asijisumbue kushusha, wiki hii ataagiza kwa mwingine. Akalisuuza bakuli kwa maji ya mtungi, akalifudikiza juu ya kichanja, katikati ya vyombo vyake vingine.