Mapengo ya Mpiga Chapa

Juzi nimepata habari kwamba mpiga chapa wa shule niliyoanzia kazi mjini Shinyanga, miaka ya sabini, amefariki na kuzikwa siku hiyo hiyo. Nimesikitika, kisha nimecheka, maana sijui namna ya kumkumbuka bila kucheka. Mama yule alipiga taipureta kwa vidole vyote kumi bila kuitazama, ila taipureta yenyewe haikuwa na alama za hesabu. Ya kugawanya aliitengeneza: alipiga nukta pacha, akarudi nyuma, akapitisha kistari katikati. Kipeuo na pai aliziachia pengo kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, na mwalimu wa somo ndiye aliyekuja kuzichora kwa kalamu ya chuma. Nilimtania kwamba angejifunza tu kuzichora mwenyewe. "Nisichokijua sikiandiki, Mwalimu," alinijibu. "Ninyi mliosoma ndio mnaoandika hata msichokijua."

Mwaka mmoja, karibu na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, nilimwachia karatasi yangu ya hesabu, nikaenda zangu Maganzo. Nilisikia kuna almasi, na kwa kuwa nilijua kukokotoa ujazo, nilijiona mjuzi wa mawe. Nilirudi Jumatatu saa tatu, na vumbi tu. Msimamizi alikuwa ameshaidurufu stensili kama alivyoikuta, na kila mtahiniwa alijaza alama aliyoipenda. Wengi walijitungia maswali mepesi, wakayapata yote.

Mkuu wa shule hakucheka. Alituita wote wawili, na mama yule alikuwa hajathibitishwa kazini, ana watoto wanne wanaomtegemea yeye peke yake. Alipoulizwa, alisema tu, "Mwalimu yupo, aulizwe." Nami, naona haya kuandika, nilianza kueleza habari za taipureta mbovu. Mkuu akavuta karatasi amwandikie barua ya kumwachisha kazi. Hapo aibu ikanishika, nikasema kweli: nilipaswa kuja Jumamosi kujaza alama, sikuja. Barua ikageuka kuwa ya onyo, na ikawa yangu.

Tulipotoka alifungua pochi, akanionyesha kikaratasi chenye mwandiko wangu: "Mama, nitakuja Jumamosi kujaza alama." Nilimuuliza kwa nini hakukitoa mle ndani.

"Nilikuwa nasubiri ujaze mwenyewe," akasema, akarudi mezani kwake.

Siku hizi mashine zina kila alama, hakuna anayeacha pengo. Mimi nimebaki na somo moja: nikimwona mtu amenyamaza ilhali anaweza kunishtaki, naharakisha kusema kweli kabla hajafungua pochi.