Mwaka Nilioanza Majilio Mapema

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: ufunguo wa kanisa, daftari la ubatizo na rimu ya lori. Rimu ndiyo ilikuwa kengele yetu pale Litapunga. Ilining'inia kwenye mti nje ya kanisa, na chuma cha kuigongea kilifichwa juu ya mlango ili watoto wasikichezee. Paroko aliyenipeleka, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alinionyesha vyote kwa dakika kumi akapanda gari lake. Kabla hajaliwasha akanichungulia dirishani.

"Katekista, wewe si padre, na usijifanye padre," akasema. "Lakini siku nisipokuwepo, watu wangu wasikose ibada. Kengele ya saa tatu ipigwe saa tatu."

Nikajibu, "Ndiyo, Baba Paroko," naye akaondoka. Sikumwona tena kwa wiki saba.

Nyie vijana mnaosali parokiani kila Jumapili, mkiwa na padre na msaidizi wake, labda hamjui kigango kinaendeshwaje. Kigango ni kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia, na mchungaji wake wa kila siku ni katekista. Padre asipofika, katekista ndiye anayeongoza Ibada ya Neno: masomo yanasomwa, yeye anafafanua, watu wanaomba na kuimba, ila Misa hakuna. Ndiye anayefundisha wanaojiandaa kubatizwa, anayewaandaa wachumba, anayezika wafu na kusuluhisha ugomvi wa kwaya, ambao ni mgumu kuliko mazishi. Kazi hiyo niliifanya zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kutamani nyingine.

Katika mwaka mzima wa Kanisa, kipindi nilichokipenda kuliko vyote ni Majilio, zile Jumapili nne za kujiandaa kwa Noeli. Kwetu Katavi Majilio yanakuja na mvua. Watu wako shambani wanapanda mahindi, barabara ni tope, na bado Jumapili wanaingia kanisani na viatu mkononi, miguu wameisuuza kwenye dimbwi nje ya mlango. Niliwastahi sana watu wale. Walikuwa wamechoka mno, lakini nyimbo za kungojea Mwokozi waliziimba kwa nguvu, maana kungojea walikujua.

Majilio yana adabu zake. Maua yanaondolewa altareni. Kitambaa cheupe cha mbele ya altare kinatolewa, kinawekwa cha zambarau. Wimbo wa Utukufu hauimbwi mpaka Noeli. Panatengenezwa taji la majani mabichi lenye mishumaa minne, na kila Jumapili unawashwa mmoja zaidi. Tena, kwa desturi yetu, ndoa hazifungwi mpaka Noeli ipite. Mishumaa ya zambarau hatukuwa nayo, hivyo tulinunua myeupe ya kawaida na kuifunga utepe. Utepe huo niliuchukua kwa Bwana Salumu, Mwislamu mwenye duka la vitambaa Ilembo, mjini Mpanda. Alizoea kuniona kila mwaka, na akiniona tu anasema, "Ile rangi yenu imefika," kisha anashusha jora kabla sijaomba.

Sasa niwasimulie mwaka nilioharibu.

Wakati huo paroko mwingine alikuwa ameshika nafasi. Huyu alikuwa mpole, mwembamba, mtu wa pikipiki, na neno lake halikurudi nyuma. Kigangoni palikuwa na wazee wawili, Mzee Vitalis na mke wake Mama Yustina. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka thelathini bila ndoa ya Kanisa. Walianzia maisha shambani mbali sana, padre alikuwa hafiki, watoto wakaja, mwaka ukavuta mwaka. Kwa hiyo hawakuruhusiwa kupokea Komunyo. Kila Misa watu wakijipanga kwenda mbele, Mama Yustina alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, akiangalia migongo ya wenzake. Mwaka ule kifua cha Mzee kilikuwa kimeanza kumsumbua vibaya. Mama Yustina akaja kwangu akaniambia wazi, "Katekista, nataka tukomunike wote wawili kabla hajaondoka. Sitaki kingine."

Niliwafundisha, matangazo ya ndoa yakasomwa mara tatu, na paroko akatuma neno: "Nitakuja kuwafungisha Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio."

Kazi iliyobaki kwangu ilikuwa moja tu, kujua Majilio yanaanza lini. Hilo lipo kwenye kalenda ya liturujia, kijitabu kinachoonyesha siku zote za mwaka wa Kanisa. Lakini mwaka wa Kanisa unaanza na Majilio yenyewe, kalenda mpya ilikuwa haijatufikia kwa sababu ya tope, na ile ya zamani mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwisho. Mnara wa simu nao ulipigwa radi wiki ile. Nikasema moyoni, mimi ni katekista wa miaka mingi, nitahesabu mwenyewe. Noeli ilikuwa Jumatatu. Ile Jumapili ya mkesha nikaiona ni ya Noeli tayari, nikairuka, nikahesabu Jumapili nne kurudi nyuma kuanzia iliyotangulia. Kumbe ile ya mkesha nayo ni Jumapili ya nne ya Majilio. Nikawa nimewahi kwa wiki nzima.

Hata Bwana Salumu alinishangaa nilipokwenda kuchukua utepe. "Mwalimu, mbona mwaka huu mapema?" akauliza. "Miaka mingine unakuja mvua zimekolea." Nikamwambia mvua na Kanisa haviendi pamoja.

Jumamosi yangu ikafika. Mama Yustina alivaa gauni jeupe aliloshonewa na binti yake, Mzee Vitalis koti la kuazima. Wanakwaya wakaja, kuku wakachinjwa. Tukangoja paroko tangu asubuhi mpaka jua likaelekea kuzama. Hakufika. Nikawaambia watu kwamba tope limemzuia, tukatawanyika.

Kesho yake nikaweka kitambaa cha zambarau, nikawasha mshumaa wa kwanza na nikaufuta Utukufu. Mwalimu wa kwaya, aliyejua kwamba Majilio hutanguliwa na sikukuu ya Kristo Mfalme, akaninong'oneza, "Katekista, Kristo Mfalme tumeshasherehekea kweli?" Nikamkata kwa ukali, "Wewe shika noti zako." Baada ya ibada nikawaita wale wazee nje na kuwaambia kwamba tumeingia Majilio, hivyo ndoa yao itangoja mpaka baada ya Noeli. Mama Yustina aliangalia chini, akafunga na kufungua fundo la kitenge chake. Mzee Vitalis alinitazama, akasema, "Sawa, Katekista. Wewe ndiye mwalimu wetu." Usiku ule kifua kikambana. Jumatatu watoto wakampeleka mjini hospitali, na baada ya siku chache wakamhamishia kwa binti yake Ilembo.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, nilisikia pikipiki. Paroko alishuka akiwa na tope mpaka kifuani, begi la Misa mgongoni. Akaingia kanisani, akasimama mbele ya lile taji lenye mshumaa mmoja uliopungua.

"Maharusi wako wapi?" akauliza.

"Baba, tulikungoja Jumamosi iliyopita. Sasa ni Majilio, nimewaambia wangoje."

"Majilio yanaanza kesho, Katekista."

Nikaanza kumweleza hesabu yangu. Nilipofika kwenye Jumapili ya mkesha nikajisikia mwenyewe, nikanyamaza. Nilikumbuka lile fundo la kitenge, na nikamwambia Mzee yuko wapi na ana hali gani.

Niliyemtegemea anikaripie hakunikaripia. Alivua begi mgongoni mwake akanipa mimi. "Panda," akasema. "Mgonjwa naweza kumfungisha ndoa hata Majilio. Lakini niliwaambia kabla ya Majilio, na kikanisa Jumapili inaanza Jumamosi jioni. Tuna mpaka jioni."

Barabara ile sitaisahau. Tulianguka mara mbili, na mara ya pili padre ndiye aliyeniinua. Kwenye mto mmoja maji yalikuwa juu, tukasukuma pikipiki huku begi nimelibeba kichwani. Njia nzima hakuniambia neno la lawama. Mpaka leo nikisikia watu wanasema mapadre wa sasa wanapenda raha, namkumbuka yule mtu na soksi zake zinazochuruzika tope.

Ilembo tulifika alasiri. Mzee Vitalis alikuwa amekaa uani kwenye kiti, amefunikwa blanketi, akipumua kwa shida. Nikapiga magoti mbele yao wote wawili. "Nilikosea hesabu," nikasema. "Padre hakuchelewa. Ni mimi." Mzee akatabasamu tu. "Basi, mmefika," akasema.

Ndoa inahitaji mashahidi wawili. Mmoja nikawa mimi. Binti akatoka kutafuta wa pili, na nyumba ya karibu kuliko zote ilikuwa ya Bwana Salumu. Akaja na kofia yake kichwani, amefunga duka, akasimama mlangoni. "Padre, mimi ni Mwislamu," akasema. "Nafaa kweli?"

"Una macho na masikio?" paroko akauliza.

"Ninavyo."

"Basi unafaa. Karibu."

Wakaapa. Mzee alisema maneno yake kwa vipande vipande, anapumzika, anaendelea, na Mama Yustina alimngoja kila kipande bila kumsaidia. Kisha paroko akawapa Komunyo. Mama Yustina aliipokea akafumba macho muda mrefu hata binti yake akaogopa. Nililia, na sioni aibu kusema.

Nikadhani yameisha. Paroko akanigeukia. "Katekista, Jumapili iliyopita uliwanyima watu Utukufu. Kuanzia jioni hii hatutauimba tena mpaka Noeli. Uimbe sasa, wote, peke yako." Nami nikaimba pale uani, nimelowa, sauti inakwaruza, kuku wanapita. Bwana Salumu alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Hiyo ndiyo adhabu pekee niliyopewa.

Mzee Vitalis alifariki wiki ya pili ya Majilio. Wangengoja mpaka baada ya Noeli nilivyowaambia, Mama Yustina asingekomunika naye hata mara moja, na mkosaji ningekuwa mimi.

Baadaye nilihamishiwa Ilembo, kisha parokiani Kawajense, ambako nilifundisha makatekista vijana. Niliwakazia jambo moja mpaka wakanitania: ukihesabu Majilio, hesabu na mwenzako. Siku hizi kalenda iko kwenye simu zao, inawaambia mpaka rangi ya siku. Nawaonea wivu kidogo.

Nilistaafu mwaka juzi. Kwenye hafla ya kuniaga Mama Yustina alikuja, mzee sasa, mkongojo mkononi. Siku hizi anaishi kwa binti yake. Akanivuta pembeni.

"Kuna kitu sijakuambia," akasema. "Mume wangu alijua umekosea. Ile Jumapili ya zambarau alihesabu kwa vidole palepale kwenye benchi. Utotoni alitumikia altare misioni, alizijua hesabu hizo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilimuuliza hivyo hivyo njiani. Akasema, nikimsahihisha mbele ya watu, kesho nani atamsikiliza? Akasema Jumatatu atakuja kwako, mkiwa wawili tu. Ndiyo usiku wake kifua kikambana."

Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye nilikuwa namfundisha Mzee Vitalis kungoja. Alikuwa na haki yake mkononi, na pumzi zake zinahesabika, akakubali kuichelewesha siku moja ili mimi nisiaibike.

Sasa mimi ni muumini wa kawaida, sina ufunguo wala kengele. Jumapili ya kwanza ya Majilio iliyopita nilikaa benchi moja na Mama Yustina. Mshumaa wa kwanza ulikuwa unawaka, siku ilikuwa ndiyo yenyewe, nilikuwa nimeihakikisha kwa watu watatu. Wakati wa Komunyo ulipofika nilibaki nimekaa, nimeinamisha kichwa, namkumbuka mume wake. Nikahisi mkongojo unanigusa mguu.

"Simama, Katekista," akaninong'oneza. "Mimi hapa sibaki tena."